Kizuka na Mashine ya Boti

Jumanne, 6 Mei

Msasa tena. Nimeusugua mguu wa mashine tangu jua lilipotoka mpaka adhana ya adhuhuri. Maji kidogo, sugua, futa, sugua. Mguu ndio ulioharibika zaidi kwa sababu ndio unaozama baharini. Chumvi imeula, una vidonda vyeupe vinavyotoa unga ukivigusa. Mume wangu Bakari alikuwa amemaliza upande mmoja kabla hajaanguka. Upande wake laini. Wangu una mikwaruzo.

Leo siku ya themanini na saba ya eda. Mimi ni kizuka sasa, sivuki ua. Manukato sipaki, wanja sipaki, hina sipaki. Nguo zangu mbili, moja mwilini, moja kambani. Mashine imefungwa kwenye benchi la mbao uani, kando ya jiko, pale pale alipoifunga mwenyewe siku nne kabla ya kuugua. Siku hiyo nilimgombeza. Nilimwambia nyumba yangu si gereji, moshi wa kuni unanitosha, sitaki na harufu ya thina. Aliendelea kukaza skrubu.

Najuta. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua tangu asubuhi. Hakuna kazi. Nimeifunika mashine kwa turubai, nikakaa ukumbini kutazama maji yakishuka kwenye mabati.

Niandike ule wasia kama ulivyokuwa, kabla watu hawajanichanganya akili. Ilikuwa siku yake ya mwisho, kabla ya alasiri. Mdomo ulikuwa umepinda lakini maneno yalitoka. Watu wote wa nyumbani walikuwa barabarani wakitafuta gari. Alisema, "Mashine mpe Rama. Imalizie kwanza." Nikamuuliza kama Rama anajua. Akasema anajua. Akaomba maji. Baada ya hapo hakusema neno la maana tena, na gari lilipofika alikuwa ameshanyamaza.

Rama ni mwenzake wa baharini. Miaka ishirini na miwili pamoja, samaki siku za kawaida, wageni wa kisiwa cha Chale wakipatikana. Boti ni ya Rama, mashine ni ya Bakari. Bila mashine, Rama ana boti ya kulalia kuku. Imepinduliwa mchangani tangu msiba.

Mimi simpendi Rama. Amekula chakula changu miaka yote hiyo na sijamsikia akisema kimekolea chumvi au hakikukolea. Anakula, ananawa, anaondoka. Lakini wasia ni wasia, na ndugu za Bakari nimeshawaambia.

Ijumaa, 9 Mei

Jua la kweli. Nimepaka praima, ile rangi ya chini.

Kwenye stoo kulikuwa na kopo la rangi ya redoksaidi lililobaki tulipopaka geti. Nikaikoroga kwa kijiti mpaka ikalainika. Nikaanzia mguuni, upande wake kwanza, kisha wangu. Brashi ilikuwa kuukuu na inaacha nywele, nikawa nazitoa kwa vidole. Ilipokauka ikawa nyekundu nzito ya udongo, imefunika vidonda vyote. Nilijisikia vizuri. Mara ya kwanza tangu Februari, na nikaona haya kujisikia vizuri.

Thina hakuna. Nimenawa kwa mafuta ya taa. Wekundu umetoka kwenye ngozi, kwenye kucha umekataa.

Sijamwambia mtu kwamba ninaifanya kazi hii. Watasema kizuka gani huyu anapaka rangi.

Jumapili, 11 Mei

Wifi yangu Riziki amekuja na mihogo. Dada mdogo wa Bakari na wa kaka yao Kassim. Tumekaa ukumbini. Habari za nyumbani, habari za hapa Munje, nani anaumwa, nani ameoa. Nilipompa kikombe cha chai aliitazama mikono yangu, akaitazama tena. Hakuuliza. Alikunywa nusu, akasema ana mtu anamngoja, akaondoka.

Mihogo ilikuwa mizuri. Nimeichemsha na nazi, nimekula peke yangu.

Jumatano, 14 Mei

Praima imevimba.

Nimefunua turubai nikakuta malengelenge mguu mzima. Nikagusa moja kwa ukucha, likabanduka pande zima, na chini yake ule unga mweupe umerudi, mwingi kuliko mwanzo. Nimekaa chini kwenye saruji nikalia. Sikulia kwa ajili ya rangi, hilo nalijua.

Nilimpigia binti yangu Fatuma. Yuko Samburu, ameolewa na Nyawa, ambaye kazi yake ni kupaka rangi malori pale barabara kuu ya Nairobi. Nyawa aliposikia redoksaidi alicheka, kisha akakumbuka mimi ni nani na niko katika hali gani, akaomba radhi. Akanieleza polepole. Redoksaidi ni ya chuma, geti, bodi ya lori. Mguu wa mashine si chuma, ni aluminiamu, na ina praima yake, ya manjano iliyochafuka. Nibandue yote mpaka nione weupe wa madini. Nioshe kwa sabuni na maji ya kisima yasiyo na chumvi. Ikikauka nipake siku hiyo hiyo, nisiiache ilale wazi. Atanitumia kopo kwa dereva wa lori anayevuka feri ya Likoni. Ana subira, huyu mkwe. Nilimkataa mwanzoni kwa sababu ya watu wa kwao na mbuzi wao. Hilo nalo najutia.

Kisha Fatuma akachukua simu. Sauti yake ilikuwa chini. Akaniuliza, "Mama, umepaka hina?"

Alhamisi, 15 Mei

Sikulala vizuri na leo nina hasira mpaka masikio yananiwaka.

Siku tatu. Kutoka hapa mpaka Samburu, siku tatu. Kopo la rangi halijafika lakini neno limefika. Riziki angeuliza tu ningemshika mkono nimpeleke uani nimwonyeshe mashine, brashi na geti. Hakuuliza. Amenijua miaka thelathini na hakuuliza.

Fatuma alinificha la pili, nikambana mpaka akalitoa. Wanasema hina ni ya Rama. Wanasema ndiyo maana nang'ang'ania apewe mashine. Kwamba tumeshaahidiana, eda haijaisha, kaburi la Bakari bado lina tuta.

Rama. Wanaume wote wa pwani hii, Rama. Ningecheka kama ningekuwa mtu mwingine.

Kucha nimezikata mpaka kwenye nyama. Nimezisugua kwa limau na jiwe la kusugulia miguu. Wekundu bado uko pembeni.

Jumatatu, 19 Mei

Kopo la Nyawa limefika, limefungwa kwenye gunia na andazi moja kutoka kwa Fatuma, limekauka kama kigae. Nimelila.

Nimebandua kila kitu. Kisu cha jikoni, msasa mkali, msasa laini. Upande wa Bakari nao ikabidi niubandue. Niliuacha wa mwisho. Kazi yake haipo tena, yote sasa ni mikwaruzo yangu. Nimeosha, nimekausha kwa kanga, nimepaka kabla ya alasiri. Mpako mwembamba, kama alivyosema. Umeshika.

Jirani aliyekuwa akinichotea maji amemtuma mwanawe leo. Mwenyewe hakuja.

Alhamisi, 22 Mei

Kikao cha mirathi kimefanyika nyumbani kwangu.

Walikuja shemeji Kassim, ustadhi wa msikiti wetu, wazee wawili na Riziki. Wao ukumbini kwenye mkeka, mimi nyuma ya pazia. Shikamoo, marahaba, dua, kahawa. Ustadhi akaniomba nieleze. Nikaeleza kama nilivyoandika hapa, sikuongeza neno. Nikasikia wazee wakikohoa.

Kassim alisema hana ugomvi na mimi. Alisema ndugu yake hajawahi kumtajia jambo hilo, na yeye ni mrithi, na hakuna shahidi. Kisha sauti yake ikabadilika. Akasema, "Kizuka aliyepaka hina ndiye tumwamini kwa maneno ya maiti?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilisukuma kopo la redoksaidi chini ya pazia, na brashi, na tambara nililofutia. Nikatoa mikono yote miwili nje ya pazia mpaka kwenye kifundo, wanaume wazima wanne wanitazame kucha kama wananunua kuku. Nikasema mashine iko uani, nendeni mkaitazame. Ustadhi alikwenda. Aliporudi alisema hii si hina na aliyesema ni hina amtake Mwenyezi Mungu msamaha. Riziki akaanza kulia. Sikumhurumia.

Nilidhani nimeshinda. Lakini ustadhi akasema jambo la hina limekwisha, la wasia bado. Ushahidi wa mtu mmoja hautoshi. Warithi wote wakiridhia, mashine iende. Nikasema mimi naridhia, Fatuma ameridhia kwa simu. Riziki akasema naye pia. Kassim akasema Rama aitwe, aulizwe mbele ya watu kama aliahidiwa.

Nikafurahi. Bakari alisema anajua. Rama akisema anajua, sisi ni wawili.

Alikuja na nguo za kazi, akakaa karibu na mlango. Nilimwona kwa upenyo wa pazia. Ustadhi akamuuliza. Rama akasema, akiutazama mkeka, "Mimi sikuahidiwa kitu. Mashine siitaki. Mama Fatuma msimtie tena katika maneno ya watu."

Akaaga, akatoka. Kahawa yake hakuigusa.

Ijumaa, 23 Mei

Sikupika. Sikusugua. Nimesali, nimelala, nimesali.

Jumapili, 25 Mei

Nimefikiri siku mbili na nimefika mahali pamoja. Alidanganya. Alijua, na alidanganya. Angechukua mashine, kila mtu angesema ndiyo ile mahari. Kila ikiunguruma wangenitaja. Kwa hiyo akaiacha, akanitoa kwenye midomo yao, na kwa kunitoa akanifanya mzushi. Kassim hana haja ya kuniita mwongo sasa. Rama ameshamsaidia.

Sijui nimchukie au nimshukuru. Leo namchukia. Boti yake iko mchangani na ana watoto watano na yeye anajifanya muungwana.

Fatuma amepiga. Amesema nimwachie Mungu. Nimemwambia nimemwachia, ila mimi mwenyewe bado niko hapa na mashine uani.

Jumanne, 27 Mei

Leo nimewaza jambo baya na nitaliandika.

Mgawo umeshakubaliwa. Nyumba na shamba tumebaki navyo mimi na Fatuma na Riziki kwa mafungu yetu, mashine itakwenda kwa Kassim. Atakuja kuichukua baada ya Idi. Kopo la redoksaidi bado limejaa nusu. Nikaona wazi kabisa nitakavyofanya. Mpako mmoja wa redoksaidi juu ya ile praima nzuri pale chini panapozama, kisha rangi ya juu, ing'ae. Ingependeza macho. Mwezi mmoja maji ya chumvi yangeingia chini yake na mguu ungeliwa kimya kimya mpaka ukatike. Hakuna ambaye angejua.

Nilifungua kopo. Nilikoroga. Brashi niliichovya.

Kisha nikamkumbuka Bakari alivyokuwa akikaza zile skrubu mimi nikimgombeza. Alisema niimalizie. Hakusema niimalizie ikiwa ya fulani. Nimelifunga kopo nikalirudisha stoo, nikachukua msasa laini nikapitisha juu ya praima. Si kwa wema. Nilikuwa bado nataka.

Alhamisi, 29 Mei

Nimefungua rangi ya juu.

Kopo hili alilinunua Bakari mwenyewe Ukunda, wiki ile ya mwisho. Lilikuwa limefungwa kwenye mfuko wa nailoni na kamba, fundo lake lile la baharini ambalo sijui kulifungua, nikalikata. Sikuwahi kulitazama. Mashine ilikuwa nyeusi miaka yote, mimi nikajua ni nyeusi.

Ni kijani. Si kijani chochote. Ni kile kijani cha boti ya Rama, chenye ubuluu kidogo, ambacho hakuna mwingine Munje aliye nacho kwa sababu Rama hukichanganyisha makusudi. Bakari alikidhihaki kila siku. Aliita kijani cha nzi. Kisha akaenda dukani akiwa mzima, akasimama kaunta, akaomba kilekile.

Kwa hiyo hakuamua kitandani. Alikuwa ameshaamua. Alikuwa anamtengenezea.

Nilishika simu nimpigie ustadhi. Nikaiweka chini. Rama ameshasema mbele ya watu hataki. Nikileta kopo hili nitamfanya yeye ndiye mwongo kikaoni, na mdomo wa watu utarudi pale pale, tena na nguvu zaidi. Amelipa kunisafisha jina. Siwezi kwenda kulipaka lake matope.

Nimekaa na kifuniko mkononi mpaka rangi ikaanza kuganda juu. Nina huzuni ambayo haina hata pa kuiegemeza.

Jumamosi, 31 Mei

Mpako wa kwanza. Nimenunua brashi mpya, Riziki ndiye aliyeniletea. Alisimama kwenye mlango wa uani nayo mkononi, hakujua aiweke wapi. Nilimwambia aingie. Aliitazama mashine, akaitazama rangi, akaweka mkono mdomoni. Yeye ni wa hapa, ameijua ile boti. Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza. Akanishikia kopo.

Hakuomba msamaha kwa maneno. Alinishikia kopo saa mbili nzima kwenye jua.

Jumatatu, 2 Juni

Mpako wa pili. Hakuna unywele, hakuna mchirizi. Kifuniko cha juu kimetulia kabisa. Natamani aone.

Jumatatu, 9 Juni

Idi imepita. Nimekaa ndani, nimesikia watoto wakipita na nguo mpya. Fatuma na Nyawa walikuja Jumamosi, wamerudi jana. Nyawa aliichunguza mashine kwa tochi ya simu kama daktari, akagonga kwa kucha, akasema, "Mama, hata mimi sikuwezi." Najua anadanganya. Nilifurahi hata hivyo.

Leo Kassim amekuja kuichukua, na watu wawili na mkokoteni. Aliingia uani anaongea. Akaiona, akasimama pale pale.

Hakuisogelea. Aliitazama kwa mbali, mikono nyuma. Kassim na Bakari walilala kitanda kimoja mpaka wakaoa, na Kassim ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Nilisahau hilo kwa hasira zangu. Aliniuliza, "Rangi hii ni yako, shemeji?" Nikasema aliinunua Bakari mwenyewe, imebaki kidogo kwenye kopo, ukitaka ichukue.

Wale watu wawili wakaanza kufungua skrubu. Nilidhani atasema acheni. Naapa niliona mdomo wake ukifunguka. Kisha akasema ana boti nyeupe, kijani haitaendana, ataipaka nyeusi.

Waliibeba. Mmoja aliishika vibaya, akaacha alama ya kidole kwenye kifuniko, rangi ilikuwa bado laini chini ya utando wake wa juu. Niliingia jikoni.

Benchi liko pale. Sitaki kulitazama na sitaki liondolewe.

Jumamosi, 14 Juni

Rama amepata kazi ya kubeba mizigo ya wageni kwenye boti ya mtu, upande wa Chale. Riziki ndiye aliyeniambia. Boti yake ameiuza, au anaiuza, hakuwa na uhakika.

Kassim bado hajaipaka nyeusi. Amesema mvua ikiisha.

Jumatano, 18 Juni

Eda imekwisha jana. Nimeogeshwa, nimevalishwa leso mpya, wanawake wamesoma dua na kula na kwenda zao. Riziki alinipaka mafuta kichwani. Alitaka kunipaka na hina, kisha tukatazamana, akaiweka kando.

Leo asubuhi nimetoka peke yangu. Miguu imesahau mchanga. Watu wamenisalimia, nimewaitikia. Nilikwenda mpaka makaburini. Wanawake hatuingii, nikasimama nje, ukuta ni mfupi na kaburi lake naliona kutoka pale. Tuta limeshuka. Nikatoa salamu.

Nikamwambia mashine nimeimalizia. Nikamweleza praima ya Nyawa, mipako miwili, brashi mpya. Kisha nikamwambia anayo Rama. Nikamwambia ameifunga kwenye boti, zimeendana rangi, na jana alipeleka wageni Chale na kurudi salama.

Nilikaa kidogo kama mtu anayengoja kuulizwa. Kisha nikarudi nyumbani, nikawasha moto, nikaweka maji ya chai.